Kabla Hujauza Tanki la Stenlesi, Omba Picha ya Ndani

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja lililokuja kwa sura nyingi: "Dada, nimepata fundi anatengeneza matanki ya stenlesi, bei nzuri, kazi inang'aa. Niweke oda nianze kuuza?" Mwingine anauliza ndoo za maziwa, mwingine tanki la juisi ya ubuyu lenye koki. Wengi ni wa huku kwetu, Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, kwenye zabibu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila mwenye shamba siku hizi anatamani kusindika kidogo mwenyewe kuliko kukimbizana na mnunuzi huku zabibu inanyauka kwenye kreti. Soko la vyombo vya stenlesi lipo kweli, na mimi linanilisha.

Jibu langu kwa wote ni moja. Muulize fundi wako habari za gesi. Sio ya kupikia. Namaanisha gesi inayolinda mshono wakati anachomelea, na ni oksijeni kiasi gani imebaki humo.

Najua kuna anayesema mimi nauza tu, mambo ya karakana yananihusu nini. Yanakuhusu, kwa sababu tanki likitoa kutu mteja hamjui fundi. Anaijua namba iliyo kwenye tangazo, na hiyo namba ni yako. Sijasomea uhandisi, nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyapata kwa kukaa karakana nikiwasumbua mafundi kwa maswali, na kusoma usiku bando likiwa la bei rahisi. Nitaeleza kwa namna ninavyowaeleza wateja wangu.

Tuanze na stenlesi yenyewe. Hiki ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Ile namba 304 inayotumika sana kwenye vyombo vya chakula ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Kromiamu ikikutana na oksijeni ya hewani inajijengea ngozi nyembamba mno, huioni kwa macho, na hiyo ngozi ndo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe. Kwa hiyo katika hali ya kawaida oksijeni ni rafiki wa stenlesi.

Kwenye moto urafiki unaisha. Chuma kikiwa kimeyeyuka au kimeiva mpaka kikawa chekundu, oksijeni inaila kromiamu kwa kasi na kuigeuza gamba lenye rangi. Chini ya gamba hilo inabaki stenlesi iliyopungukiwa kromiamu. Ndo maana unaweza kukuta tanki zima linang'aa kama kioo, ila pembeni ya mshono kuna mstari wa kahawia unaolia. Bati halikuwa feki. Mshono ndo ulioharibiwa.

Kuzuia hilo, fundi anatumia mashine ya TIG na mtungi wa argoni. Argoni imo kwenye hewa hii hii tunayovuta, kama asilimia 0.93 tu. Rayleigh na Ramsay waliigundua Uingereza mwaka 1894, wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu, maana haijishughulishi na kitu chochote. Huo uvivu ndo tunaoulipia. Inatoka kwenye nozo ya tochi, inafunika chuma kilichoyeyuka, oksijeni inakosa pa kupita. Tafadhali usichanganye na mtungi wa kaboni dioksidi unaouona kwa mafundi wa mageti. Ile ni nzuri kwa geti la chuma cha kawaida. Kwa tanki la mvinyo, hapana.

Sasa sikia hapa, ndo wengi tunapopigwa. Mshono una pande mbili. Gesi ya tochi inalinda upande ule ambao fundi anauona. Upande wa pili nao umeiva, nao umeyeyuka, na kama nyuma yake kuna hewa ya kawaida basi kuna oksijeni asilimia 21 inausubiri. Kwenye tanki, upande huo wa pili mara nyingi ndo wa ndani, unaogusana na mvinyo, maziwa au juisi. Fundi mwenye haraka anachomelea kwa nje, anasugua kwa nje, anapiga picha kwa nje, na wewe unaiposti hiyo hiyo picha.

Fundi anayejali anaweka argoni nyuma pia. Anaziba kwa karatasi ya foili na tepu, anaingiza mpira wa gesi ya pili, anasubiri hewa itoke, ndo anawasha. Na asubiri mpaka lini? Hapo ndo kipimo cha oksijeni kinapoingia.

Vipimo hivi vinasoma sehemu kwa milioni, kwenye kioo utaona herufi ppm. Usiogope, wewe ni mfanyabiashara, hesabu hii unaiweza. Chukua shilingi milioni moja. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya shilingi laki mbili na elfu kumi kati ya hiyo milioni. Mshono wa chombo cha chakula mafundi wazuri wengi wanautaka chini ya shilingi 50. Hamsini kwenye milioni! Chama cha wachomeleaji cha Marekani, AWS, kina chati ya rangi iitwayo D18.2, imepangwa ngazi kumi kuanzia 10 kwa milioni mpaka 25,000 kwa milioni, ikionyesha ndani ya bomba la stenlesi panavyobadilika. Ngazi za chini mshono ni wa fedha au una kivuli cha majani makavu. Oksijeni ikipanda inakuja dhahabu, halafu bluu, halafu kijivu cheusi. Na pasipokuwa na gesi kabisa nyuma, mshono unatoka punje punje nyeusi kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Hizo punje zina vijitundu, na kwenye vijitundu uchafu na vijidudu vinajificha hata uoshe vipi.

Mteja wangu mmoja wa Mpunguzi alinipigia mwaka jana, tanki lake la lita 200 alilonunua kwa muuzaji mwingine mtandaoni lilikuwa limeanza mistari ya kahawia kwa chini baada ya msimu mmoja tu. Mvinyo ulipoteza rangi yake, ukawa na ukungu usiotulia na ladha ya chuma. Nilienda na tochi ya simu. Nje lilikuwa safi hata mimi ningelinunua. Ndani, mshono wote wa kitako ulikuwa ile sukari nyeusi. Mvinyo una tindikali, na watengenezaji wanaweka salfiti ili usiharibike, sasa salfiti nayo sio rafiki wa stenlesi dhaifu. Mvuke wake unakaa ile nafasi ya juu isiyojaa na kuishambulia hata 304 nzima. Ndo maana baadhi ya viwanda vya mvinyo hutumia 316, yenye molibdenamu, kwa sehemu ya juu. Basi mama wa watu alimpigia aliyemuuzia, akapigwa bloku. Hela ya msimu ilikuwa imeenda, na jina la muuzaji yule huku kwetu halina wa kulitetea. Kijijini habari hazihitaji bando.

Turudi kwenye kipimo, maana hapa kuna pesa ya kuokoa. Ukiingia mitandao ya kuagiza mizigo utaona vipimo vya oksijeni vya kila bei, vyote vimeandikwa vinapima oksijeni. Angalia kioo chake kinasoma vipi. Vile vya bei nafuu vinasoma asilimia zenye tarakimu moja baada ya nukta: 20.9, 5.3, 0.1. Piga hesabu: asilimia 0.1 ni 1,000 kwa milioni. Kumbe kipimo hicho kikionyesha 0.0 fundi anashangilia, na bado ndani kunaweza kuwa na oksijeni mia nne na kitu kwa milioni, wakati anahitaji chini ya hamsini. Ni sawa na kupima dhahabu kwa mzani wa magunia. Cha kuchomelea stenlesi lazima kisome ppm moja moja au kumi kumi, na vingi vya namna hiyo vina kihisi cha zirkonia. Bei yake ni kubwa, sitakudanganya. Mafundi watatu ninaofanya nao kazi wanachangia kimoja, kinazunguka.

Kabla hujamlipa anayekuuzia kipimo, mwombe video akikiwasha nje, sehemu wazi. Kinatakiwa kisome 20.9 au karibu kabisa na hapo. Kikisoma 19 au 22 kwenye hewa safi, achana nacho. Vile vyenye kihisi cha kemikali vinachakaa hata vikikaa kabatini, vingi ni kama miaka miwili, kwa hiyo uliza tarehe ya kutengenezwa. Cha mtumba kisicho na tarehe, sichukui.

Halafu kuna hesabu ya gesi, na hii inakuonyesha kwa nini fundi wa bei ya kutupwa hawezi kuwa anafanya kazi hii sawasawa. Tuseme tanki la lita 200, anataka kulijaza argoni lote. Gesi mpya inachanganyika na hewa iliyomo, haiisukumi yote kwa mpigo. Akipitisha gesi ya ujazo wa tanki mara tano, yaani lita 1,000, na ikachanganyika vizuri, oksijeni inayobaki ni kama 1,400 kwa milioni. Bado sana. Mara nane, lita 1,600, inafika kama 70. Mtungi wa lita 40 uliojazwa mpaka ba 150 unatoa gesi kama lita 6,000. Maana yake zaidi ya robo ya mtungi imekwenda hata cheche haijaruka, na kwa lita 15 kwa dakika amesubiri karibu saa moja na dakika hamsini. Nani atafanya hivyo kwa bei ya sufuria?

Mafundi wajanja hawajazi tanki lote. Wanatengeneza kijisanduku kirefu cha bati kinachokaa nyuma ya mshono, wanakijaza gesi hicho tu, wanakisogeza kadiri wanavyokwenda. Ujazo wa lita mbili tatu, dakika chache kipimo kimeshuka. Gesi kidogo, mshono wa fedha. Ukimkuta fundi mwenye kijisanduku hicho ukutani, huyo mshike. Na akikuambia pia kwamba argoni ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara 1.4, kwa hiyo anaingizia chini na kuacha tundu la kutokea juu, mnunulie soda kabisa.

Mtungi wenyewe mara chache ndo tatizo. Argoni iliyoandikwa 99.995 ina uchafu wote kwa pamoja usiozidi 50 kwa milioni. Oksijeni inaingilia njiani: mpira uliopasuka, nati ya regyuleta isiyokazwa, tepu iliyoachia kwa joto. Nyingine ni kufungulia gesi kwa nguvu ukidhani unalinda zaidi. Ikitoka kwa kasi inavuruga na kuvuta hewa ya pembeni, namba inapanda badala ya kushuka. Na upepo wetu wa Dodoma, ule wa kiangazi unaobeba vumbi, unapeperusha gesi ya tochi kama moshi. Anayechomelea stenlesi uwanjani chini ya mwarobaini mwezi wa nane, hata awe na kipimo cha dhahabu, anajichosha. Kipimo kikae kinasoma muda wote anachomelea, sio mwanzoni tu. Nimeshaona kinaanza 40, katikati ya mshono kinaruka 900 kwa sababu tepu imeachia. Asingekuwa nacho tungejua siku mteja anapopiga simu.

Mimi oda zangu nazitoa hivi. Namwambia, "Fundi, shikamoo, naomba kila mshono nipate picha ya ndani kabla hujasugua, mchana, bila taa, na kioo cha kipimo kionekane." Bila taa kwa sababu balbu ya njano inaifanya bluu ionekane dhahabu. Kabla ya kusugua kwa sababu grainda inafuta ushahidi. Mzee mmoja alinijibu, "Binti, unanifundisha kazi?" Nikamwambia hapana baba, nafundisha wateja wangu kukulipa zaidi. Alicheka, sasa hivi anatuma picha bila kuombwa. Kama kuna kivuli chepesi cha njano, kinasafishwa kitaalamu na ngozi ya stenlesi inarudi. Kama kuna sukari nyeusi, kipande hicho kikatwe kirudiwe. Kusugua juu yake ni kupaka poda kwenye kidonda. Na brashi ya waya wa chuma cha kawaida isiguse kabisa, inaacha vumbi la chuma linaloshika kutu.

Nimeacha hili la mwisho kwa makusudi ili uwe umetulia. Argoni inaua. Haina harufu, haina rangi, na kwa uzito wake inatuama kwenye kitako cha tanki kama maji. Mtu akiinama kuingiza kichwa aangalie mshono, au akiingia mzima kusugua, anavuta hewa isiyo na oksijeni. Hasikii kubanwa, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni kaboni dioksidi kujaa mwilini, na hapo anaendelea kuitoa kama kawaida. Oksijeni ikiwa karibu na sifuri, pumzi chache tu anazimika. Halafu mwenzake anaona amelala, anaruka ndani kumwokoa, wanakuwa wawili. Watu wa mvinyo hatari hii mnaijua kwa jina lingine: tanki lililotoka kuchachusha limejaa kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa. Kuna wanaoshusha mshumaa kupima. Mshumaa unazimika oksijeni ikiwa imeshafika kama asilimia 16, na kiwango ambacho hakuna anayetakiwa kuingia ni chini ya 19.5. Kwa hiyo mshumaa unaweza kuwa unawaka na tayari ni hatari. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ndo wasimamizi wake, hili sio suala la fundi kujisikia.

Na hapa ndo kile kipimo cha bei nafuu, kile cha 20.9, kinapata kazi yake halali. Hakifai kupima gesi ya kuchomelea, ila kwa kupima hewa ya kuvuta ndo chenyewe, hasa chenye king'ora kinacholia chini ya 19.5. Kinafungwa kamba, kinashushwa mpaka kitako cha tanki, kinasomwa, ndo mtu anaingia, na mtu mwingine anabaki nje mdomoni pa tanki muda wote. Ukiuza vipimo hivi, andika kwenye tangazo kabisa kipi ni cha mshono na kipi ni cha pumzi. Nimeona matangazo ya wenzetu yameandika "kinafaa kote". Hakifai kote, na atakayelipa gharama ya sentensi hiyo ni kijana aliye ndani ya tanki.

Tangazo langu la sasa lina picha tatu. Ya nje, maana watu wanapenda kung'aa. Ya ndani, mshono kwa karibu. Na ya kioo cha kipimo, chini nimeandika: "304, mshono umelindwa pande zote mbili, oksijeni chini ya 50 kwa milioni." Mwanzoni wateja walikuwa wanauliza hiyo hamsini ni nini, nawajibu kwa ile hesabu ya shilingi kwenye milioni, sauti ya WhatsApp ya dakika moja. Bei yangu iko juu ya jirani na bado natoa mzigo, kwa sababu anayeanza kulinganisha anamwuliza jirani picha ya ndani, na jirani hana.

Matanki ya lita 100 yanatoka karakana Alhamisi, ya lita 200 mpaka wiki ijayo, tunasubiri mtungi. Aliye na picha ya mshono asiouelewa anitumie inboksi, ila iwe ya mchana.